Mpishe Mama wa Watu

Niliingia kwenye mashindano ya baiskeli za uwanjani kwa sababu ya woga. Watu hawaniamini nikisema hivyo, lakini barabara za Johannesburg zilinitisha: teksi zinazosimama bila taarifa, mashimo, roboti, yaani taa za njia panda, iliyozimika tangu wiki iliyopita na kila dereva akidhani zamu ni yake. Uwanjani hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Ni duara la zege, kona zake zimeinuka kama kingo za bakuli, na wote mnaelekea upande mmoja. Nilikuwa nimemaliza chuo pale Braamfontein, sina kazi, na nilipouona uwanja ule nikafikiri: hatimaye, mahali ambapo mtu haamui kitu.

Hakuna aliyeniambia kwamba baiskeli zenyewe hazina breki.

Wala hazikuachii upumzike. Gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, na miguu yako imo humo humo. Siku ya kwanza niliendelea kuzunguka peke yangu baada ya wenzangu wote kuondoka, maana sikuwa na uhakika wa namna ya kushuka. Kocha akadhani ni bidii. Nikamwacha aamini hivyo, na ndivyo nilivyoingia timu ya klabu.

Mama hakupendezwa. Yeye ni Mtanzania wa Morogoro, alimfuata baba huku Afrika Kusini, baba aliporudi kwao kutoka uhamishoni, mimi nikiwa mgongoni. Hakuvuka nchi zote zile, alisema, ili mwanawe mwenye shahada aje kuzungukazunguka. Mkenya mmoja wa kanisani kwetu alikuwa ameniahidi kazi kwenye ofisi yake ya bima, na mama akatoa hukumu akiwa anakuna nazi, bila hata kuniangalia.

"Jumamosi nakuja kukuona. Ukishinda ukaingia hiyo timu ya mkoa, nakupa mwaka mmoja. Ukishindwa, Jumatatu ofisini."

Sikulala vizuri wiki ile, na si kwa kuogopa kushindwa tu. Mbio zangu ni za watu wawili, na mtu akisikia neno mbio anatarajia kasi. Kasi ipo mwishoni. Kabla ya hapo ni kuviziana. Hakuna anayetaka kutangulia, kwa sababu wa mbele anaukata upepo wote na hamwoni mwenzake, na wa nyuma anafaidi. Kwa hiyo mnakwenda polepole, polepole zaidi, mpaka mnasimama kabisa, miguu kwenye pedali, mapaja yakitetemeka, kila mmoja akingoja mwenzake achoke kwanza. Kocha alisema nina kipaji adimu. Maisha yangu yote nimesimama nikijiuliza niende au nisiende. Sikujua kuna medali zake.

Nilitaka kumweleza mama haya mapema. Nikawaza atakavyonijibu, nikawaza nitakavyomjibu, nikashindwa mabishano yale kichwani, nikanyamaza.

Jumamosi akaja na chungu cha pilau, mwavuli, na rafiki yake, Mkongo mwenye saluni ya nywele jirani na kwetu Kensington. Akamwona mpinzani wangu akipasha miguu moto: mwanamke mrefu, mvi zimechomoza chini ya helmeti, bingwa wa mkoa tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

"Huyo ndiye unayeshindana naye?"

"Ndiye, mama."

"Huyo si rika langu? Umemsalimia?"

"Mama, hapa hatusalimiani, tunashindana."

"Nimekuuliza, umemsalimia?"

Nikaenda nikamsalimia, nikikunja magoti kidogo. Akaniangalia kama mtu anayeshuku nimemtilia kitu kwenye chupa ya maji.

Kura ikaniangukia mimi kutangulia, yaani nafasi mbaya. Filimbi ikalia. Tukaondoka kwa mwendo wa watu wanaosindikizana kituoni. Mzunguko wa kwanza ukaisha hivyo, mimi nikitazama nyuma kila mara hadi shingo ikauma. Tulipofika kwenye kona iliyo mbele ya jukwaa nikasimama. Naye akasimama nyuma yangu.

Ikasikika sauti ya fundi wa nywele:

"Mama! Mutoto yako iko anasimama! Kinga yake imekufa?" Kinga ndiyo baiskeli kwao Lubumbashi.

"Sijui," mama akajibu. "Labda amechoka."

"Yesu wangu, na bado hawajaanza!"

Akaanza kuomba kwa sauti, akiikemea roho ya kukwama. Mapaja yangu yalikuwa yanawaka. Nikawaza: nikiondoka sasa, atanifuata kwenye kivuli cha upepo na kunipita mwishoni. Nisipoondoka, nitaanguka. Nikianguka, Jumatatu ofisini. Je, ofisini nitavaa nini? Nilikuwa nimefika kwenye viatu mama aliposimama na kupaza ile sauti ambayo nimeitii tangu nikiwa na meno ya utoto:

"Wewe mtoto! Umeziba njia! Mpishe mama wa watu apite!"

Sikufikiri. Ndiyo mara pekee katika maisha yangu ninayoweza kuapa kwamba sikufikiri. Mikono ikageuza usukani yenyewe, baiskeli ikapanda juu ya kona, na njia ya chini ikabaki wazi, pana, kama mlango uliofunguliwa kwa mgeni.

Bingwa akaona pengo, akachomoka.

Hapo ndipo akili yangu ilipofika, imechelewa, na kukuta mambo yamekwisha kupangwa. Yeye mbele, anakata upepo. Mimi nyuma, tena juu, na mteremko wote ni wangu. Nikajitupa chini kama jiwe. Nikamkalia mgongoni kona nzima, na kwenye mstari nikampita kwa upana wa tairi.

Kocha alilia. Mama hakulia.

"Adabu gani hiyo? Umempisha vizuri, halafu umempita?"

Kabla sijajibu, bingwa mwenyewe akaja, jasho likimtiririka, akampa mama mkono. Alikuwa amesikia amri ikitoka jukwaani kwa lugha asiyoijua, akaniona nikiitekeleza papo hapo. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba hajawahi kuona kocha mwenye mtego kama ule. Mama akamjibu kwamba anaomba radhi, nyumbani sikulelewa hivyo. Wakaelewana kabisa, kwa namna yao, na bingwa akaondoka na sahani ya pilau.

"Mwaka mmoja," mama akaniambia. "Nimeahidi mbele ya shahidi."

"Amina," akasema shahidi, mdomo umejaa.

Tukiwa ndani ya gari akampigia simu yule Mkenya. Nilikaa kiti cha nyuma nikisikiliza upande mmoja.

"Ndugu yangu, asante sana, lakini Jumatatu hatakuja. Amepata kazi... Ya baiskeli... Hapana, hapeleki chakula... Wala barua... Hapeleki chochote, ndugu yangu. Anazunguka... Anarudi palepale alipoanzia, ndiyo." Akanitupia jicho kwenye kioo. "Na akifika hapo katikati, anasimama."