Nilifunga Kitambaa Chekundu Nikijua Ndoano Haijalala

Nimekosa. Sina namna nyingine ya kuanza. Mara ya kwanza nilianza kwa kueleza shida za maisha yangu, nikaona najitafutia visingizio, nikachana karatasi. Hii ni ya nne. Kosa nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, na niliyemuumiza hakuwa amenikosea kitu chochote.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma. Jina langu niachieni.

Hakuna aliyenifundisha kushona. Nilikuwa nafumua nguo za mitumba, naangalia zilivyoungwa, kisha nazirudishia. Nikikosea mshono mmoja nafumua yote. Mama yangu alikuwa akisema, "Wewe mtoto iko siku utaifumua hata ngozi yako." Ndivyo nilivyo. Nguo ikitoka mkononi mwangu na kasoro, hata chakula hakishuki.

Miaka ile mitumba ilikuwa imeanza kumwagika sokoni, na mafundi wengi walikuwa wanafunga vibanda. Mteja anakuja na fulana ya mtumba, anageuza pindo, anakuonyesha ile mistari miwili ya uzi inayokwenda sambamba. "Nataka kama hivi," anasema. "Yako inaonekana imeshonewa nyumbani." Na alikuwa anasema kweli! Kwa cherehani ya kawaida, ukiivuta fulana kidogo tu, uzi unakatika.

Bosi wetu, Mama Halima, mama wa Kondoa mwenye maneno machache, akaenda Dar es Salaam, akarudi na mashine ya umeme iliyotumika, iliyotoka ng'ambo. Ilikuwa mashine mbili ndani ya moja. Kwanza inapiga ovaloki, yaani inaunganisha vipande huku inakata na kufunga ukingo. Ukiibadilisha, inapinda fulana kwa ile mistari miwili, kama ya kiwandani kabisa. Mjini hapa sikuwahi kuona nyingine kama ile.

Lakini kuibadilisha! Kitabu chake kilikuwa na maandishi kama nyayo za kuku. Nikabaki na picha. Wiki tatu nilikaa na picha zile. Unashusha kisu. Unatoa sindano za ovaloki, unaweka za kupindia, na hizi zinakaa mbele zaidi. Ile ndoano ya juu, inayopanda kukutana na sindano, unaifungua na kuilaza chini, maana ikibaki imesimama itagongana na sindano mpya. Kisha unafunika na kibao bapa, na ukishafunika, kilichoko ndani hukioni tena.

Nikahesabu hatua kumi na tisa. Nikaziandika kwenye daftari, kila moja na namba yake, na kila nikibadilisha nafuata namba, kidole juu ya mstari. Ilinichukua karibu saa nzima. Sikuwahi kuruka hata hatua moja.

Juma, fundi wa suruali, akaanza kuniita Injinia. "Injinia, mgonjwa wako anakohoa huku, njoo umtazame!" Nilijifanya naudhika. Uongo! Nililipenda lile jina kuliko nililopewa na wazazi wangu.

Kwa kuwa mashine ilikuwa moja na sisi tulikuwa zaidi ya mmoja, niliweka utaratibu. Ukimaliza kuibadilisha kwa ajili ya kupinda, unafunga kitambaa chekundu kwenye chuma kinachobeba nyuzi. Kitambaa kikiwepo, maana yake hatua zote zimekamilika, kaa ukanyage. Mama Halima aliusifu sana utaratibu ule. Ulikuwa wangu.

Ndipo akaja Penina. Hilo si jina lake halisi, lakini acha nimwite hivyo.

Alitoka Zuzu, kijiji cha nje ya mji, binti wa Kigogo, mdogo kwangu kwa miaka michache. Aliletwa kukata vitambaa. Mcheshi, hana makuu, kila asubuhi anakuja kwanza kwangu: "Dada, umeamkaje?" Nilimpenda. Naapa nilimpenda, miezi miwili ya mwanzo.

Mwezi wa tatu nilishikwa na malaria, nikalala nyumbani siku mbili. Niliporudi nikakuta kitambaa chekundu kimefungwa.

"Nani kabadilisha?"

"Mimi, dada."

"Kwa daftari langu?"

"Hapana, dada, ulikuwa umelifungia kabatini. Nilikuwa nakuangaliaga tu unavyofanya."

Jamani! Nilivaa miwani ya bosi nikaikagua ile mashine kama askari anayepekua mzigo. Nilitafuta kosa. Nilitamani kosa! Nikapinda kipande cha fulana, nikakivuta kwa mikono miwili hadi vidole vikauma. Uzi haukukatika.

"Ulitumia muda gani?" nikauliza.

Juma akadakia, "Hata chai yangu haikupoa! Injinia, mwanafunzi kampita mwalimu!"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, lakini kwa meno tu.

Tangu siku hiyo sikuwa mtu tena. Nilimhesabia dakika. Nilimchunguza vidole, vifupi, vya kawaida kabisa, nikajiuliza vina nini ambacho vyangu havina. Alikuwa anafanya kazi huku anaimba, haangalii hata anachoshika, na inatoka safi! Mimi natoka jasho, naangalia daftari, nakagua mara mbili, na yangu inatoka safi vilevile. Sasa uzito wangu wote ulikuwa wa nini?

Siku moja akaniuliza kwa heshima zote, "Dada, ile hatua ya saba na ya nane, si unaweza kuzifanya kwa pamoja?"

Alikuwa sahihi. Mwaka mzima nilikuwa nazitenganisha bure. Nikamjibu, "Wewe fanya unavyojua." Na mimi, kila nilipoibadilisha baada ya hapo, hatua ya saba na ya nane nilizitenganisha vilevile. Mnaona wivu unavyomfanya mtu mjinga?

Kisha Mama Halima akaniita pembeni. Alitaka kufungua chumba kingine cha kushonea huko Msalato, pembeni ya mji, na mwenye kukisimamia awe amepatikana kabla ya katikati ya mwaka. Ile mashine ingehamia huko.

"Namfikiria Penina," akasema. "Ana mkono mwepesi. Wewe nakutaka hapa karibu yangu. Wewe ndiye nguzo yangu."

Mtu mwingine angesikia "nguzo yangu". Mimi nilisikia "mkono mwepesi". Nikarudi nikaketi kwenye cherehani yangu, nikashona kola kinyume. Kwa mara ya kwanza maishani!

Mwisho wa Aprili tukapata kazi ya fulana za Mei Mosi za ofisi moja ya hapa mjini. Ilikuwa imebaki siku moja tu kabla ya maandamano. Afisa wao amekuja mwenyewe, ameketi kwenye benchi anasubiri, anaangalia saa. Fulana zote zilikuwa zimeshaunganishwa, zimebaki mapindo. Mama Halima akapanga: mimi nibadilishe mashine, Penina apinde, Juma anyooshe kwa pasi.

Nikaanza. Kidole juu ya mstari. Nilipomaliza hatua ya kumi na moja, afisa akaniita nikamwonyeshe saizi za wakubwa wake. Nikaenda, nikarudi, kidole kikatua kwenye hatua ya kumi na tatu. Nikaendelea hadi mwisho. Nikafunika kibao. Nikafunga kitambaa chekundu.

Nikaenda kunywa maji mtungini. Kikombe kikiwa mdomoni, nikakumbuka. Hatua ya kumi na mbili. Ndoano! Sikuilaza ndoano.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana kosa langu liko hapa. Kusahau ni kwa kila mtu. Mimi nilikumbuka.

Nilikuwa na nafasi. Penina alikuwa bado anapanga fulana mapajani. Nilikuwa nahitaji kusema maneno matatu tu: ngoja, nimesahau ndoano. Lakini Juma angesikia. Penina angesema, "Hakuna neno, dada," kwa ile sauti yake nzuri. Mama Halima angejua kwamba hata mimi naruka hatua. Na chini kabisa, chini ya yote hayo, kulikuwa na kitu kibaya zaidi, nacho kilikuwa kinasema: acha aivunje yeye, huyo mwenye mkono mwepesi.

Penina akaketi. Alikuwa na desturi moja nzuri: kabla ya kukanyaga, anazungusha gurudumu kwa mkono taratibu, asikilizie kama kuna kinachogusana. Nikauona mkono wake unakwenda kwenye gurudumu. Angezungusha mara moja tu, angeihisi ile ndoano, na sote tungepona.

Nikasema kwa sauti, "Kitambaa hukioni? Au siku hizi kazi yangu inakaguliwa?"

Akaondoa mkono kama aliyeungua. "Samahani, dada. Sikuwa na maana hiyo."

Akakanyaga.

Mlio ule! Sindano zote mbili zilikatika, kipande kimoja kikaruka kikamchana shavuni, chini kidogo ya jicho. Mashine ikakwama. Tulipofungua, ndoano ilikuwa imejikunja kama msumari uliogongwa vibaya.

Mama Halima akaja mbio kutoka uani, akauliza, "Nani alifunga kitambaa?"

"Dada," Penina akasema. Hakunishtaki. Alijibu alichoulizwa, huku ameshika shavu, damu inapita katikati ya vidole.

Nami nikasema. Ee Mungu wangu, nikasema: "Mimi niliimaliza, nikafunga kitambaa. Labda aliichezea baadaye. Si unajua ana njia zake za mkato."

"Sijagusa, mama! Haki ya Mungu sijagusa!"

Mama Halima akaniangalia mimi, akamwangalia yeye. Kisha akasema maneno ninayoyasikia mpaka leo: "Huyu, tangu amekuja hapa, hajawahi kuruka hatua."

Niliaminiwa kwa sababu sijawahi kukosea. Usafi wangu wote wa miaka, kufumua kwangu kote, daftari langu lote, vyote vilisimama siku ile kuutetea uongo.

Penina alifunga khanga yake, akaaga mmoja mmoja, akaniaga na mimi, akarudi Zuzu.

Fulana tulizipinda kwa cherehani ya kawaida. Wafanyakazi wa watu walitembea Mei Mosi nyuzi zinaning'inia, na ofisi ile haikurudi tena kwetu. Ndoano ilipelekwa Dar es Salaam mara mbili, hakuna aliyekuwa na nyingine kama hiyo. Mashine haishoni chochote sasa, maana hata chuma kilichoibeba ndoano kilipinda. Wateja wa mistari miwili wamerudi kwenye mitumba.

Msalato nilipewa mimi. Naam! Nilikipata nilichokitaka. Ni chumba chenye cherehani mbili za miguu, na kazi ninayoletewa ni kupunguza suruali viuno na kubadilisha zipu. Juma huja mara moja moja kuniletea vitambaa. Siku ile alikuwa na pasi mkononi, hatua tatu kutoka kwenye mashine, na masikio anayo. Hajaniuliza chochote. Ila hajaniita Injinia tena.

Miezi minane baadaye nikashindwa kuvumilia. Nikaazima baiskeli, nikaenda Zuzu kumwambia ukweli. Njia nzima nilikuwa nayakariri maneno, kwa mpangilio, kama hatua zangu.

Mama yake alinipokea uani kwa salamu ya Kigogo. "Mbukwenyi, mwanangu, karibu!" Penina alikuwa anapeta uwele. Aliponiona akaweka ungo chini, akaja akanikumbatia. Kovu lipo, dogo, kama uzi mweupe.

Nikamuuliza anashona wapi siku hizi.

"Sishoni, dada. Niliacha."

"Kwa nini?"

Akajipangusa makapi mikononi. "Nimefikiri sana. Mwanzo nilijua kabisa sikugusa. Halafu nikajiuliza, dada hajawahi kukosea, sasa nani? Labda niligusa bila kujijua. Mimi mikono yangu ina haraka. Mtu asiyejua mikono yake inafanya nini ataaminiwaje na mashine ya watu?" Kisha akainamisha kichwa. "Nilikuwa nataka kuja kukuomba msamaha, naona aibu. Nisamehe, dada, kwa ile mashine."

Na mimi, niliyepiga baiskeli kutoka mjini kwa kazi moja tu, nikafungua mdomo wangu nikasema: "Nimekusamehe, mdogo wangu. Yamepita."

Nilisema hivyo! Nikanywa na uji wao. Mama yake akanifungia karanga za kuondoka nazo, akanishukuru kwa moyo wangu mwema.

Nimejiapiza mara tatu kurudi. Kila mara nafika kwenye reli, njiani kwenda Zuzu, nageuza baiskeli.

Ninyi mnaojifunza kazi, mkikutana na mwenzenu anayewazidi, mwambieni mapema, mbele ya watu, "Hapa umeniweza." Neno hilo linauma siku moja tu. Na wewe uliyeshamkosea mtu, nenda leo, kabla hajaanza kujishuku mwenyewe. Usingoje mpaka yeye ndiye akuombe msamaha. Mimi niliombwa, nikaupokea, na hakuna sabuni inayoutoa mkononi.