Jaruba la Njaa

Ukitaka kujua ukatili wa binadamu, usiende machinjioni. Nenda kituo cha mbegu msimu mpunga unapochanua, umwone fundi wanayemwita Kibano akiwa kazini. Anainamia suke, anakata kila ua kichwani kwa mkasi mdogo, kisha anaingiza kibano na kung'oa sehemu za kiume, sita kwa kila ua. Kuhasi, ndivyo wanavyoiita, na wala hawaoni haya. Ua lililohasiwa linavikwa mfuko wa karatasi, na kesho yake linakung'utiwa chavua ya mpunga mwingine ambao halikuuchagua. Mbegu chotara hupatikana hivyo, kwa mkasi na kwa lazima.

Wakishazaliwa hao chotara, mateso ndiyo kwanza yanaanza. Mbegu ileile hugawanywa katika majaruba matatu. La kwanza linashibishwa mbolea. La pili linatiwa maji ya chumvi. La tatu halipewi kitu, na kituo kizima wanaliita jaruba la njaa. Usione mpunga umerefuka kwa shibe ukadhani ni shujaa. Upepo mdogo ukipita, unalala kifudifudi matopeni, na ndugu yake wa tumbo moja, aliyenyimwa kila kitu hapo jirani, anabaki wima na punje zake chache. Usipoutesa mpunga, hujui umezaa nini.

Kibano aliipenda kazi hii kuliko mshahara wake, na sababu ilikuwa baba yake. Baba huyo alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Alimvunja mke wake mbavu mbili, akamng'oa mwanawe jino kwa kufuli, na siku moja akampiga jirani kwa mchi hadi jicho likapasuka. Kibano alikimbilia kwa mama yake mdogo akiwa na miaka kumi na minne. Mama mdogo huyo hakuweza hata kumfokea kuku. Mtaani watu walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, tena walisema wakimtazama yeye. Kibano aliwajibu kwa mpunga: mbegu ni moja, lakini kila jaruba lina mavuno yake. Kwa miaka ishirini hakuinua mkono juu ya mtu, na aliringa nao huo mkono, maana ulikuwa unang'oa vitu vidogo kuliko kope bila kuliumiza ua.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, binti wa mlinzi wa kituo. Alimkubali, lakini hakumficha kitu. "Baba yako namjua," alimwambia. "Siku ukimpiga mtu, yeyote yule, mimi sitasubiri zamu yangu ifike." Kibano alicheka na kuapa. Sasa mke alikuwa na mimba ya miezi sita, na mlinzi, ambaye vijana walimwita Mzee Rungu kwa sababu rungu lake lilifanya kazi moja tu ya kuegemeza geti lisijifunge, alikuwa akimwambia kila apitaye kwamba anakaribia kuitwa babu.

Msimu ule ndio ulikuwa wa mwisho wa majaribio kwa chotara namba arobaini na moja. Kilikuwa kizazi cha nane, na Kibano ndiye aliyemhasi mama wa chotara huyo kwa mkono wake. Chotara akivumilia jaruba la njaa mara hii, mbegu inakwenda kwa wakulima. Katikati ya msimu Kibano alitumwa kituo kingine siku kumi. Aliporudi, asubuhi, hakupita hata ofisini. Alikwenda moja kwa moja majarubani, na akakuta jaruba la njaa limekuwa la kijani kizito, kijani cha aliyekula akashiba.

"Nani ametia mbolea humu?"

Mzee Rungu alikuja anacheka, ndoo mkononi. "Mimi, mwanangu. Nilishindwa kuvumilia. Kila nikipita naukuta umekuwa wa manjano kama mgonjwa, na mbolea imekaa tu stoo. Ulivyoondoka tu nikaupa kidogo kwa ndoo hii. Hebu ona ulivyonona!"

"Unajua umefanya nini?"

"Si nimeulisha?"

Ngumi ya kwanza ilimkuta mzee mdomoni, kicheko hakijaisha. Ya pili ilivunja taya, na Kibano aliusikia mlio wake, mkavu, kama wa muwa. Mzee akaanguka ndani ya jaruba. Kibano akamfuata humo humo, akamkalia mgongoni, akamkamata kisogo na kumzamisha uso topeni. Akamwinua, akamzamisha tena. Watu husema hasira hupofusha. Waongo! Kibano aliona kila kitu: mvi zilizojaa tope, kofia inayoelea, mapovu mekundu, na mkono wa mzee ukipapasa mpunga kutafuta pa kushika.

"Umeyataka mwenyewe!" alipiga kelele. "Umenilazimisha mwenyewe!"

Maneno hayo aliyasikia utoto wake wote, kupitia ukuta, baada ya kila kipigo. Aliitambua hata sauti. Na bado akapiga tena.

Walimtoa watu wanne, na haikutosha mpaka mmoja alipompiga begani kwa mpini wa jembe. Mtu na mkwewe! Kuna watu hata kumkanyagia mkwe kivuli wanaona aibu.

Alilala mahabusu siku mbili. Siku ya tatu aliachiwa, kwa sababu mzee, ambaye taya lake lilikuwa limefungwa kwa waya, alitikisa kichwa kila alipoulizwa kama anataka kushtaki. Kibano alikwenda hospitali na nguo zilezile zenye tope kavu. Mke wake alikuwa kando ya kitanda, anamnywesha baba yake maziwa kwa mrija. Kibano akapiga magoti.

"Baba, nisamehe. Ni shetani tu..."

"Shetani mwache," mke alisema bila kugeuka. "Hakuwepo."

"Ilikuwa miaka minane ya kazi, mke wangu. Imeharibiwa kwa ndoo moja."

"Na taya la baba yangu lilikuwa la miaka sitini na nane."

"Mimi si kama baba yangu, unajua. Ni siku moja tu katika miaka ishirini!"

"Miaka ishirini ulikuwa umeshiba. Una kazi unayoipenda, una watu wa kukusifia mkono. Umenyimwa kitu kimoja tu, nimeona ulivyo."

Mzee aliinua mkono kumtuliza binti yake, akaguna kitu kisichosikika. Binti aliushika mkono ule, akaurudisha shukani taratibu. Kibano alitazama tumbo la mkewe.

"Na mtoto je? Mtoto ni wangu."

"Ni wako. Damu yako anayo tayari, siwezi kumchuja." Alimfuta baba yake maziwa kidevuni. "Lakini atakulia kwa huyu, aliyeshindwa kuvumilia kuona hata mpunga unalala njaa."