Mluzi wa Saa Nne

Wenzangu mliokunywa shuleni uji wa bulga, ile ngano ya msaada, mtanielewa. Mchakamchaka alfajiri, kisha mapumzikoni rede uwanjani, wasichana tukikwepa mpira, mpaka kengele ilie. Mimi nilicheza nusu nusu, maana ikifika saa nne lazima baba apige mluzi nyuma ya darasa.

Mama alikuwa ameajiriwa kiwanda cha korosho, pale pale Kibaha. Mwanamke aliyetoka kijijini Kurui, kazi ya mshahara! Mashangazi walinuna. Baba, mkulima wa mihogo, alimruhusu, lakini mdogo wangu Saidi alikataa katakata maziwa ya kopo. Basi saa nne ilibidi apelekwe getini anyonye. Mama anatoka mbio, mikono imebabuka kwa mafuta ya maganda, anaisugua majivu kwanza ndipo amshike mwanawe.

Sasa sikieni kituko. Njia nzima ya mikoroshoni baba ndiye aliyembeba Saidi, tena akimwimbia. Tukikaribia geti anamhamishia mgongoni kwangu, ananifunga khanga, halafu anabaki nyuma na jembe lake, anatazama mawingu. Mwanaume aonekane na mtoto? Thubutu. Heshima yake ndiyo iliyonikosesha hesabu kila siku, na iliniuma.

Mwalimu akatangaza kuwa asiyefanya mtihani wa darasa la nne ndiyo basi, abaki nyumbani. Nikamweleza baba, akasema mtihani utasubiri. Siku yenyewe nimekaa, kalamu mkononi, mluzi ukalia. Nikainamia karatasi. Ukalia tena. Saidi akaanza kulia kwa njaa, namsikia kabisa. Sikuinuka. Baadaye kilio kikasogea, kikaelekea mikoroshoni.

Yaliyotokea getini alinisimulia mama. Wanaume walimcheka baba, wakamuuliza kama siku hizi ananyonyesha. Akawajibu, "Mama yake yuko ndani, baba yake ni mimi. Mwiteni."

Wiki nzima baba hakuitikia shikamoo yangu. Lakini hakuja tena kupiga mluzi, na mtihani nilifaulu.

Leo mwanangu hana aibu hiyo. Anamfunga mtoto kifuani kwa kidude chenye mikanda kama begi la mwanajeshi, anajipiga picha, anarusha mtandaoni, watu wanamwita baba bora. Baba yangu angepigwa picha ile angehama wilaya. Namcheka, na ninamwonea fahari. Hata hivyo roho yangu haijatulia.

Juzi Jumanne nilikwenda kwake Mlandizi asubuhi, bila taarifa. Dada wa kazi alikuwa ameacha kazi, mama wa watoto yuko ofisini Dar, baba yao naye yuko ofisini. Nikamkuta mjukuu wangu Rehema, wa miaka tisa, amempakata mdogo wake anamnywesha uji. Nikamuuliza kaka yake mkubwa yuko wapi.

Akanishangaa. "Bibi, kaka si yuko shule."