Ungo wa Saadani na Ngoma ya Dunda

Niliondoka Bagamoyo kwa sababu tajiri wetu alikufa. Ndiye aliyechinja ng'ombe na kuwavika wachezaji kila ngoma ya Dunda ilipolia, nami, manju wa ngoma hiyo, nilimwimbia sifa mpaka koo likakauka. Warithi wake wakasema hawalishi wapiga makelele. Harusi kubwa ya mtaani ilikuwa inakaribia. Tusipocheza, ngoma yetu imekwisha. Kukaa kitako nikashindwa.

Alfajiri nilitoka na Mwinyi Kombo, mpigaji ngoma wetu, kwenda Saadani kutafuta tajiri mwingine. Kwenye kivuko cha Ruvu nilimhimiza mvushaji mpaka akachoka nami.

"Manju, mamba hawana haraka. Wewe unayo ya nini?"

Mto Wami nao tukauvuka, matope hadi magotini.

Saadani nilimwendea tajiri wa pembe za ndovu. Akaninywesha kahawa, kisha kahawa tena, huku miguu ikiniwasha kwa kungoja. Mwisho akasema atatulisha, ila ngoma ihamie kwake. Nilitoka nimefura kwa hasira.

Alasiri tukakuta wanawake wanajiandaa kucheza uwanjani. Ungo ulizungushwa kwanza kwa watazamaji: huyu akatia mchele, yule nazi, yule kipande cha papa mkavu. Nikamfuata kiongozi wao, Bi Mwanahawa.

"Shikamoo, bibi. Nani anawalisha?"

"Marahaba, mwanangu. Si unauona ungo? Siku ukirudi mtupu, twajua tumewachosha watu."

Sikutaka hata kulala. Njia nzima ya kurudi Kombo alilalamika kwamba namkimbiza kama mtoro.

Bagamoyo, siku ya harusi, tukatoa ungo wetu. Nikaanza kwa wimbo niliouzoea, jina la marehemu mwanzo, jina la marehemu mwisho. Watu wakacheka. Ungo ukarudi na nazi moja, nayo mbovu. Niliona haya, tena haya kubwa.

Nikamnyamazisha Kombo. Mbele yangu alisimama Bi Somoe, muuza vitumbua wa mtaa wetu. Nimekula vitumbua vyake tangu utotoni, na sijawahi kumtaja. Nikamwimbia yeye, na moshi wa jiko lake, na mkono wake usiopunja. Akajifunika kanga usoni, akaondoka. Nilijua nimemuudhi.

Akarudi na kikapu cha mchele kichwani, akamimina wote ungoni.

"Miaka yote ulikuwa ukimwimbia yule," akasema. "Mimi nikadhani ngoma ni yake."