Msaliti ni Mjomba

Fundi Makochi hakuwa mtu wa kugombana na televisheni. Lakini Jumamosi ile alasiri aliinuka kwenye kochi alilolishona kwa mikono yake mwenyewe, akaikemea kama anavyomkemea mteja mkorofi.

"Mwongo! Mjomba hawezi kufanya hivyo! Mjomba gani huyo?"

Sebuleni walikuwamo wengine wawili. Mmoja ni mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, ambaye fundi alimlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Wa pili ni shemeji yake, mdogo wa marehemu baba wa binti, aliyetoka mji mwingine kwa shughuli moja tu: kumchukua binti akasome uuguzi, kwa kuwa chuo kiko jirani na kwake. Binti aliomba apewe nafasi ya kufikiri, akaahidi kujibu sehemu mpya ya tamthilia ikishaisha. Fundi hakusema ndiyo wala hapana. Alitaka abaki, na hakujua alisemeje hilo bila kuonekana mchoyo.

Tamthilia yenyewe ni ya msichana jasusi anayepenya kuta kama moshi. Kalelewa na mzee mmoja ambaye mtafsiri, yule bwana anayeingiza maneno ya Kiswahili, alimwita mjomba tangu mwanzo. Basi fundi alivimba kichwa, utadhani kalipwa yeye kuigiza. "Mnaona?" aliwaambia wateja, nyundo mkononi, vumbi la sponji limejaa ndevuni. "Mjomba ni mama wa kiume!" Na leo, bila haya, imebainika kwamba mzee huyo huyo ndiye aliyewauza wazazi wa msichana kwa maadui.

"Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji," yule mgeni alicheka, akijipiga paja. "Wajomba ndio hao!"

Fundi alifura. Amekesha na mtoto akiugua surua, amemshonea sare za shule kwa cherehani ya makochi, halafu waandishi asiowajua wanakuja kumharibia jina sebuleni kwake, tena leo! Siku nyingine zote hawakuziona, wameiona leo tu? Binti hakucheka. Alikuwa amekumbatia mto, macho kwenye kioo cha televisheni.

Kwenye kioo msaliti alikwishatiwa pingu, analia kamasi. "Nisamehe, mwanangu," alisema kwa sauti ya mtafsiri. "Baba yako alikuwa kaka yangu. Tumbo moja."

Fundi aliganda. Kisha akapiga makofi.

"Mmesikia? Baba wa mtoto ni kaka yake! Tangu lini mjomba akawa ndugu wa baba? Huko kwao wana neno moja kwa ndugu wa mama na wa baba, na mtafsiri kaokota la karibu. Huyo si mjomba hata kidogo, huyo ni baba mdogo! Msaliti ni baba mdogo!"

Shemeji aliacha kucheka, akawa anatazama vidole vyake vya miguu. Fundi akamgeukia mpwa wake apokee pongezi, na hapo ndipo alipoona. Mlango wa chumba cha binti ulikuwa wazi. Kitandani lilikuwako begi alilomshonea kwa mabaki ya kitambaa cha makochi, limeshajazwa, raba nyeupe juu yake. Mtoto ameshaamua. Ila sasa alikuwa akimtazama baba yake mdogo kama mtu anayejiuliza kama daraja litambeba.

"Mjomba," aliuliza kwa sauti ndogo, "kweli yule ni baba mdogo?"

Ndiyo moja tu, na begi lingefunguliwa. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Fundi alimkasirikia mtafsiri, akamkasirikia shemeji, akakikasirikia chuo kilichoshindwa kujengwa hapa hapa mtaani.

"Nani kasema?" alifoka. "Mtu akilia huropoka. Mtafsiri katuambia mjomba tangu mwanzo, wewe nani umkosoe? Yule ni mjomba. Mjomba mtupu, msaliti mkubwa!"

Akachukua rimoti, akazima.

"Kalete hilo begi, na kipande cha mshumaa. Niipake nta zipu yake, hukwama ukiwa na haraka."