Siku Tisini za Karani Ridhiwani

Ridhiwani Nassibu alishika kanuni moja kwa miaka kumi na tisa: lalamiko la mpangaji wa nyumba za halmashauri halichunguzwi zikipita siku tisini tangu meneja wa nyumba alipolijibu. Alikuwa karani wa malalamiko, Ilala. Hakula rushwa wala hakuchelewa kazini, na kwa hayo mawili alijiona mwema.

Bi Moza alikuwa jirani yake katika ghorofa moja, Kariakoo. Bomba la choo cha juu lilivujia dari ya jiko lake. Alilalamika, meneja akamjibu kwa barua kwamba dari ni nzima. Wiki hiyohiyo mumewe, mzee Awadhi, akafariki. Bi Moza akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Ridhiwani alijua. Alibeba jeneza kwa bega lake, na mkewe ndiye aliyempelekea mjane uji kila asubuhi.

Eda ilipokwisha, Bi Moza alifika ofisini na barua ile.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Dari sasa imetoa tumbo. Naogopa kusimama jikoni."

Ridhiwani akahesabu kwenye kalenda. "Siku mia moja thelathini na sita. Muda umepita."

"Nilikuwa wapi, mwanangu? Si unajua?"

"Najua. Kanuni haijui."

Fomu ilikuwa na nafasi ya karani kueleza sababu ya kuchelewa, ili mkuu wake aamue. Mwaka uliotangulia aliijaza kwa ajili ya mpangaji mwingine, meneja akamuuliza mbele ya watu analipwa na nani. Hakutaka kuulizwa tena. Akaiacha tupu, akagonga muhuri: HALICHUNGUZWI.

Benedict wa meza ya pili alimtazama bibi akishuka ngazi. "Kaka, ulitaka mjane atoroke eda aje kupanga foleni kwako?"

"Sheria ni sheria."

"Haya, shehe."

Wiki tatu baadaye dari ilimwangukia Bi Moza akikaanga vitumbua vya kuuza Mnazi Mmoja, mafuta yakamuunguza. Ridhiwani alikwenda hospitali, akasimama mlangoni mwa wodi, akashindwa kuingia. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua habari za nafasi ile tupu. Hilo halimpunguzii kitu. Kanuni haikumfunga mikono. Woga ndio uliomfunga, naye akauita kanuni.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia wa Bi Moza havikunjiki tena. Hapiki vitumbua. Anaishi kwa binti yake Mbagala, na nyumba yake amepewa mtu mwingine.