Majina Aliyoyataja Hawe

Mpaka leo nikisikia harufu ya korosho zinazochomwa, namwona Hawe, bibi yangu mzaa baba, amekaa mkekani uani kwetu Gede, na mbele yake wakili kijana kutoka Mombasa, karatasi juu ya goti.

Masikini, alivaa suti nyeusi katika jua lile, jasho likimdondoka mpaka kwenye wino. Shamba letu lilikuwa limepata mwenye hati, tajiri wa mjini tusiyewahi kumwona, naye wakili alikuja kutuandikia kiapo cha kupeleka mahakamani. Mashine ya chapa hakuwa nayo. Aliandika kwa mkono, herufi zimelala upande kama nyasi zilizopigwa na upepo.

"Shikamoo, mama. Nieleze mipaka ya shamba lako."

"Marahaba. Andika Kahindi," alisema Hawe. "Alikufa kwa surua. Yuko pale chini ya mkorosho. Andika Nyevu. Andika Karisa."

"Mama, hakimu atauliza mipaka."

"Si ndiyo nakutajia, mwanangu? Na kuna mmoja hakufikia siku ya kupewa jina. Naye mwandike."

Wakili akaandika. Alipomaliza alinakili yote upya, akatia sahihi yake chini, nakala moja akatuachia. Hawe alitia dole gumba, halafu akanipangusia wino shavuni, nikacheka mpaka nikapaliwa. Nilidhani tumeshashinda.

Kesi ilianguka. Majirani walilia, Hawe alisema tu, "Mnyonge hana haki," akakunja mkeka wake. Tulihamia kwa shangazi Kikambala, na huko ndiko alikofia, akazikwa mbali na wanawe. Kule Gede walikata mikorosho, wakajenga ukuta.

Miaka ikapita, yule wakili akawa rais. Tangu hapo wageni hawaniishi. Juzi alikuja bwana mmoja, mkusanyaji wa vitu vya kale, akaikunjua ile nakala aliyoniachia Hawe kwa vidole vya uangalifu, macho yakaenda moja kwa moja chini.

"Sahihi yake hii hasa!"

"Soma na huku juu, baba," nilimwambia.

"Nimeona. Ni mambo ya shamba tu."

Niliichukua karatasi yangu, nikamkaribisha chai. Hakuinywa.

Utotoni nilidhani Hawe hakulielewa swali. Aliulizwa mipaka, akataja maiti. Ilinibidi nizike mwanangu mwenyewe, nimsikie karani akiniuliza jina lake huku akiliandika polepole, ndipo nikajua. Wale watoto wa Hawe hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha kufa. Hakuna mkono uliowahi kuwaandika popote. Kesi alijua itaanguka tangu alipomwona wakili akishuka njiani. Lakini siku ile alikuwa amekaliwa mbele na mtu mwenye kalamu, asiye na haraka, naye Hawe hakujua kama atampata mwingine.